Waliokufa Nao Waliomba

Jumapili moja mwaka 2018, katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, mzee mmoja alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Kanisa letu wakati ule lilikuwa nguzo za miti na turubai, na viti vyake vilikuwa magogo. Mzee alieleza jinsi yeye na jamaa yake walivyokimbia kutoka upande wa Pweto, nchini Kongo, jinsi walivyofunga na kuomba siku tatu porini, na jinsi risasi zilivyopita bila kumgusa hata mmoja wao. Tukapiga makofi. Kisha akaongeza maneno machache: "Sisi tulimtumaini Mungu. Wale waliokufa njiani hawakumtumaini kwa moyo wote."

Kwenye gogo lililokuwa mbele yetu alikaa mama mmoja, jirani yetu. Mtoto wake wa kwanza alimzika porini kabla ya kuvuka mpaka. Wa pili alikufa kwa malaria tulipokuwa bado katika kituo cha mapokezi cha Kenani. Mama yule alisimama polepole, akakaza kitenge chake, akatoka. Mama yangu akaniambia nimfuate. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake akimenya mihogo. Nilikuwa na miaka 14 na sikujua la kusema. Yeye ndiye aliyesema, bila kuinua macho: "Mimi pia niliomba, mwanangu. Niliomba kuliko yule."

Insha hii ni jaribio la kumjibu mama yule, ingawa nimechelewa. Swali langu ni hili: Mkristo anayeishi katikati ya uadui, mateso na hofu anaposema "ninamtumaini Mungu", anasema nini hasa? Je, anasema kwamba hatadhurika? Na kama ndivyo, tuwaambie nini waliodhurika? Nitajaribu kuonyesha kwamba tumaini linalowahukumu wafu si tumaini la Kikristo, hata likitamkwa kwa jina la Kristo. Na kwamba njia nzuri ya kuyapima maneno yetu kuhusu Mungu ni kuuliza kama tunaweza kuyasema mbele ya mfiwa.

Kwa wasomaji wasiopajua mahali penyewe, Mantapala iko katika Wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, katika nchi ya Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Kuanzia mwishoni mwa Agosti 2017 maelfu ya watu walivuka mpaka wakitoka mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika. Tanganyika kulikuwa na mapigano kati ya wanamgambo wa Waluba na wa Watwa; upande wa Pweto wanamgambo walipigana na jeshi, na wanavijiji waliokuwa katikati wakachomewa nyumba. Wengi tuliingia kupitia Wilaya ya Chiengi, tukapokelewa Kenani, na kuanzia Januari 2018 Serikali ya Zambia pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi wakaanza kutuhamishia Mantapala, ambako familia zilipewa viwanja vya kujenga na kulima.

Wengi wetu ni Wakristo. Katika Kiswahili cha Katanga, mtu akiishiwa maneno husema, "Mungu iko." Sarufi tunayofundishwa darasani ingetaka "Mungu yupo", lakini sijawahi kumsikia mtu wa kwetu akilia kwa sarufi ya darasani. Maneno hayo mawili hubeba mambo mengi. Siku moja ni shukrani, siku nyingine ni kukata tamaa, na siku nyingine ni onyo kwa aliyekudhulumu. Hata yule mzee, naamini, alikuwa akisema "Mungu iko" kwa njia yake. Tatizo lilianza alipotaka kueleza zaidi.

Tuitazame hoja yake kwa haki. Alianza na dai kwamba kila amtumainiye Mungu hulindwa. Akaona kwamba baadhi ya watu hawakulindwa. Akahitimisha kwamba watu hao hawakumtumaini Mungu. Mwanafunzi yeyote wa mantiki atakubali kwamba hitimisho hilo linafuata. Ukikubali dai la kwanza, huna pa kukimbilia: aliyepigwa risasi hakuwa na imani, au imani yake ilikuwa na ufa mahali fulani. Kwa hiyo hatuwezi kumkemea mzee kwa hitimisho lake na kuliacha dai lake la kwanza, ambalo sisi sote tulikuwa tumelipigia makofi. Kama kuna kosa, liko pale, na lilikuwa letu sote.

Dai hilo tulilijua kabla ya kufika kanisani. Eneo la kati ya Manono, Mitwaba na Pweto liliitwa "pembetatu ya kifo" mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu ya mauaji yaliyofanyika huko wakati wa vita vya Mai-Mai. Wapiganaji hao walijulikana kwa kuvaa hirizi na kunyunyiziwa maji yenye dawa ili risasi zisiwaingie. Dawa hiyo ina masharti yake: vyakula fulani visiliwe, mwanamke asiguswe kabla ya vita, na mengine ya namna hiyo. Mpiganaji akiuawa, mganga halaumiwi. Watu husema marehemu alivunja sharti. Hivyo dawa haishindwi kamwe, kwa kuwa kila inaposhindwa kosa huwa la maiti, na maiti hajitetei.

Wasomaji wa Tanzania wanaijua habari hii kwa jina jingine. Katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, watu wa kusini waliamini kwamba maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Waliokufa walikuwa maelfu kwa maelfu, kwa risasi na kwa njaa iliyofuata. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, anamwonyesha kiongozi anayeteseka kwa sababu watu wameyaegemea maji badala ya kuuegemea umoja wao. Sisemi hivi ili kuwacheka wapiganaji wa Maji Maji. Walikuwa na sababu nzuri ya kupigana na hawakuwa na bunduki za kutosha. Nasema tu kwamba kinga ya namna ile humtoza mtu gharama mara mbili. Kwanza inamwacha afe, kisha inamchafulia jina.

Sasa linganisha na ushuhuda wa mzee. Kufunga siku tatu kumekuwa sharti. Moyo wote umekuwa sharti. Waliokufa wamevunja sharti. Maneno ni ya Biblia, lakini mifupa ya hoja ni ileile ya hirizi. Tulikimbia watu waliovaa dawa shingoni, tukafika Mantapala tukaivaa mioyoni.

Mtu atauliza: lakini je, Biblia yenyewe haiahidi ulinzi? Inaahidi, na sitaki kulikwepa jambo hilo. Zipo zaburi zinazosema wazi kwamba Mungu ni ngome. Lakini Biblia hiyohiyo haiachi ahadi hizo zigeuke hirizi. Katika kitabu cha Danieli, vijana watatu wanaotishiwa tanuru ya moto wanamwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, kisha wanaongeza kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Hawakuuweka uaminifu wao juu ya matokeo. Katika Injili ya Luka, Yesu anaulizwa habari za watu waliouawa na Pilato, naye anawakumbusha pia watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anakataa kabisa kwamba watu hao walikuwa wabaya kuliko wengine. Lau mzee wetu angekuwa pale, angejibiwa yeye.

Ushahidi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko katika sura ya 12 ya Matendo ya Mitume, sura ambayo huhubiriwa nusu tu. Tunapenda kusimulia jinsi Petro alivyofunguliwa minyororo na malaika usiku, kanisa likiwa linamwombea. Tunaruka mwanzo wa sura. Pale mwanzoni, Herode anamuua kwa upanga Yakobo, ndugu yake Yohana. Yakobo na Petro walikuwa mitume wote wawili, wakamtumikia Bwana mmoja na kuwindwa na mfalme mmoja, lakini mmoja alikufa na mwingine akatoka. Mwandishi hasemi popote kwamba Yakobo aliombewa kidogo. Hata mwisho wa habari una msiba: Herode anaamuru walinzi wa gereza wauawe. Kila ninapoisoma sura hiyo huwaza kwamba siku Petro alipotoa ushuhuda wake, huenda mama yake Yakobo alikuwa amekaa humo ndani. Alisemaje Petro ili mama yule asitoke nje?

Anayeona kwamba mambo hayo ni ya zamani mno atazame Uganda mwaka 1977. Askofu Mkuu Janani Luwum aliongoza Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga, ambayo iko kwetu Kongo. Mwezi Februari mwaka ule, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji na vitisho. Tarehe 16 Februari Luwum alikamatwa, akauawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikuwa mmoja wa wale maaskofu. Yeye, pamoja na mkewe, alikimbia usiku kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Mwaka uleule alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin, na baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 alirudi nyumbani.

Nani kati yao alimtumaini Mungu? Wapo watakaosema Luwum, kwa sababu hakukimbia. Lakini kukimbia si kukosa imani. Mtoto Yesu mwenyewe alipelekwa Misri usiku, na Paulo aliteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Wengine watasema Kivengere, kwa sababu aliokoka. Huo ndio wimbo wa mzee wetu. Mimi nasema wote wawili, na kwamba tumaini lao halikuonekana katika kufa wala katika kupona. Lilionekana katika jambo walilokataa kulifanya. Luwum alikataa kunyamaza, na Kivengere alikataa kuchukia.

Hapa linakuja pingamizi zito, ambalo mwenzangu mmoja hapa chuoni aliniambia tulipokuwa tukibishana. Alisema: "Kama tumaini halikukingi na risasi wala malaria, basi lina faida gani? Si ni neno tu la kujifariji?" Nililala nalo siku nyingi swali hilo. Jibu nililo nalo si kamili, lakini lina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza imo ndani ya lugha. Maneno imani, amani, amana na uaminifu yana mzizi mmoja, tulioupokea kutoka Kiarabu. Katika maneno hayo, amana ndilo lililonisaidia zaidi. Kuweka amana ni kukabidhi kitu chako kwa mtu mwingine akutunzie. Unapoweka amana hununui kinga. Unasema habari ya yule unayemkabidhi: kwamba hatakitupa. Mama yule wa Mantapala hakuweza tena kuomba watoto wake wasife. Lakini bado aliweza kuwakabidhi. Nilimsikia mara moja akiomba jioni, na sala yake ilikuwa fupi sana: alitaja majina ya watoto wake wawili, akanyamaza, akaingia ndani. Sidhani kwamba alikuwa akijifariji. Kujifariji kungekuwa rahisi zaidi kwa kusahau.

Sehemu ya pili inahusu uadui. Mantapala nimewasikia vijana wa rika langu wakihesabu majina ya watu watakaowalipiza kisasi siku tukirudi. Nawaelewa, kwa kuwa na mimi nilikuwa na jina moja. Siku moja nililitaja mbele ya mama yule. Akaniambia, "Yangu nimemwachia Mungu." Wengi wetu husema hivyo tukimaanisha kwamba tumeshindwa. Yeye hakumaanisha hivyo, maana hakuwahi kusema kwamba lililotendeka halikuwa kosa, wala hakuwahi kusema mahakama haina kazi. Alichokabidhi ni kisasi. Kama yuko hakimu anayejua kila kaburi la porini, basi mimi si lazima niwe hakimu na mnyongaji. Mtu asiyekuwa na pa kukabidhi kisasi chake hukibeba mwenyewe, na historia ya Tanganyika na Katanga ni ya watu waliokibeba wenyewe. Faida hii haionekani kwa macho, lakini kuna watu wako hai leo kwa sababu ya jambo ambalo mama kama huyo hakumfundisha mwanawe.

Sehemu ya tatu inahusu hofu. Wahubiri wengi hutuambia kwamba hofu ni dhambi na kwamba mwenye imani haogopi. Mimi nimekaa karibu na wavuvi wa Mweru. Mvuvi asiyeogopa upepo wa ziwa lile hamsifiwi kwa imani. Jamaa zake huanza kumhesabia siku. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hofu ya Baba ndiyo iliyotutoa kijijini siku mbili kabla ya moto, na siwezi kuiita dhambi. Yesu mwenyewe, usiku wa Gethsemane, alihuzunika hadi jasho, akaomba kikombe kimwepuke. Kwa hiyo tumaini haliondoi hofu. Linaiondoa hofu kwenye kiti cha kuamua. Baba aliogopa, lakini njiani alimbeba bibi kizee asiyekuwa wa ukoo wetu, ingawa alitupunguzia mwendo. Hofu ilimwambia akimbie, naye akatii. Ilipomwambia amwache bibi, hakutii. Nadhani tumaini lilikuwa katika nafasi ile ndogo kati ya amri mbili za hofu.

Kuna jambo moja limebaki, nalo ni la sarufi, sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalipaswa kuliona. "Ninamtumaini Mungu" ni kauli ya nafsi ya kwanza. "Mtumaini Mungu" ni amri. Kauli ya kwanza inaweza kuwa kweli hata katika kinywa cha mtu aliyepoteza vyote. Ya pili hutegemea sana nani anaisema, na ana nini mkononi. Mwenye bukari na sombe mezani akimwambia mwenye njaa amtumaini Mungu, amemnyima chakula na kumtwika hukumu. Waraka wa Yakobo ulikwisha kulisema jambo hili kwa ukali. Kambini tulihitaji vyandarua, dawa za malaria, mbegu na shule, na hakuna aliyekuwa na haki ya kutupa tumaini badala ya vitu hivyo. Wahenga walisema jitihada haiondoi kudura. Ni kweli, lakini kudura nayo haijamwondolea mtu yeyote wajibu wa jitihada.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokuja, mtoto wa yule mzee aliugua malaria usiku. Njia ilikuwa tope. Mama jirani yetu alisikia kilio, akatoka, wakabebana mtoto kwa zamu, yeye na mke wa mzee, hadi zahanati. Alikaa pale mpaka asubuhi. Mtoto akapona. Jumapili mzee akasimama kutoa ushuhuda, na nakiri kwamba moyo wangu ulidunda, nikimtazama mama kwenye gogo lake. Mzee alisema mtoto wake amepona, akawashukuru waliotembea naye usiku, akamshukuru Mungu, akakaa. Hakusema lolote kuhusu watoto ambao hawakupona. Sijui kama alikuwa ameelewa, au alikuwa amechoka tu.

Lakini mama hakutoka nje. Alipiga makofi pamoja nasi, taratibu. Waliokufa nao waliomba, na ushuhuda wowote utakaotolewa kati yetu, Mantapala au hapa chuoni, lazima uwaachie nafasi kwenye magogo yetu.